Je, wajua filamu huonyeshaje maisha ya mtu asiyeona wala kusikia?

Filamu hufanya kazi kwa vitu viwili: picha na sauti. Kiziwi asiyeona amefungiwa milango hiyo yote miwili. Sasa anayetaka kutengeneza filamu ya makala kuhusu maisha yake aelekeze wapi kamera?

Jibu la haraka ni kuzima picha na kunyamazisha sauti ili mtazamaji naye aonje giza. Haifiki mbali. Aliyeketi kitini anajua picha itarudi muda si mrefu, kwa hiyo anachoonja ni kusubiri tu. Waliofaulu waliielekeza kamera kwenye mikono.

Mfano mkubwa ni filamu ya Mjerumani Werner Herzog ya mwaka 1971, Land des Schweigens und der Dunkelheit, yaani Nchi ya Ukimya na Giza. Mhusika mkuu, Fini Straubinger, alianguka ngazini akiwa na miaka 9. Ujanani akapoteza macho, kisha masikio, akalala kitandani miaka mingi. Tunapokutana naye ni mama wa makamo anayezunguka jimbo la Bavaria kuwatembelea viziwi wasioona wenzake.

Mazungumzo yao hupitia alfabeti ya Lorm: unagusa au kuburuta kidole kwenye kiganja cha mwenzako, herufi baada ya herufi. Irabu zimewekwa kwenye ncha za vidole: a dole gumba, e kidole cha shahada, i cha kati, o cha pete, u kidole kidogo. (Kwa bahati njema ndizo irabu zetu zote, kwa hiyo unaweza kuanza kujifunza leo.) Aliyeibuni, mwandishi Hieronymus Lorm aliyeishi 1821 hadi 1902, yeye mwenyewe alipoteza usikivu na baadaye macho. Kamera ikitulia juu ya viganja hivyo, unaona maneno yakipita kabla hujajua yanasema nini.

Lakini Fini aliwahi kusikia, kwa hiyo ana lugha na anaongea kwa kinywa chake. Filamu inatupeleka pia kwa kijana wa miaka 22 aliyezaliwa haoni wala hasikii na ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha. Anapewa redio inayolia, anaikumbatia kifuani na kuuhisi mtetemo wake. Hapo Herzog hajidai kujua kijana anawaza nini, na kwangu mimi hapo ndipo filamu inapokuwa na heshima kuliko kwingine kote.

Kwingine hakujizuia hivyo. Fini anasimulia kwamba utotoni aliwaona warukaji wa ski, wanamichezo wanaoteleza juu ya theluji kisha kuruka, wakipaa hewani. Baadaye Herzog alikiri kwamba maneno hayo aliyatunga yeye na Fini akakubali kuyasema. Anajitetea kwamba yanabeba ukweli wa ndani zaidi. Mimi naona ni mzigo mzito kumtwisha mtu ambaye, filamu ikishakamilika, hawezi kuitazama wala kuisikiliza ili aone maneno hayo yamewekwa wapi.

Miaka 40 baadaye Mkorea Yi Seung-jun alishika njia nyingine, na filamu yake ikashinda tuzo kubwa ya IDFA, tamasha la filamu za makala la mjini Amsterdam, mwaka 2011. Ni ya mume kiziwi asiyeona na mkewe mwenye kimo kifupi kutokana na tatizo la uti wa mgongo. Mke humwandikia nukta nundu juu ya vidole, kama anayepiga taipu. Taa ya chumbani inaharibika: mke anaiona ila haifikii, mume anaifikia ila haioni. Wanaibadilisha pamoja, polepole mno, na hakuna anayeharakisha tukio hilo.

Tukumbuke pia kwamba viziwi wasioona wengi wamebakiwa na uoni kidogo au usikivu kidogo. Filamu hupenda waliopoteza vyote, pengine kwa sababu wanashangaza zaidi, na anayetumia miwani minene na kifaa cha kusikia husahaulika.

Na wao watazipataje filamu hizi? Maandishi ya chini ya skrini humfaa kiziwi, maelezo ya sauti humfaa asiyeona. Mwenye hali zote mbili anahitaji mazungumzo na maelezo ya picha yaandikwe kikamilifu, ayasome kwa nukta nundu, au akae na mkalimani anayemsimulia mkononi filamu ikiendelea.