Vidole vyeupe kisiwani: yanayosemwa mitaani na ukweli wake

"Unguja na baridi wapi na wapi?" Hilo ndilo jibu la kwanza analopewa mtu anayelalamika kwamba vidole vyake vinapoa mpaka vinakufa ganzi. Na kweli, hata kipupwe, kusi inapovuma usiku kucha, wengi wetu hatuhitaji zaidi ya blanketi jepesi. Lakini ugonjwa wa Raynaud, unaobeba jina la daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliyeueleza mwaka 1862, hauhitaji theluji. Joto likishuka ghafla tu, unaamka. Mtu ametoka juani bandarini Malindi, akakaa ndani ya boti ya Dar chini ya kiyoyozi kinachompuliza utosini. Ametia mkono kwenye friza kutoa pweza. Amefunga mwani kambani alfajiri kule Jambiani, nguo zimelowa na upepo unampiga. Fadhaa nayo hutosha: mtihani, msiba, ugomvi wa nyumbani. Kwenye nchi za baridi wagonjwa huteseka zaidi, hilo halina ubishi, ila joto la kisiwa si kinga.

Wapo wanaosema mgonjwa damu haimtoshi, basi anywe rozela na ale matembele. Upungufu wa damu ni maradhi mengine, na hujulikana kwa kipimo rahisi cha hospitali. Mtu anaweza kuwa na damu tele na vidole bado vikawa vyeupe, kwa sababu tatizo liko kwenye njia ya kupita damu. Mwili wa kila binadamu ukihisi baridi hubana mishipa midogo ya vidole ili joto libaki kifuani na tumboni, kama mwenye nyumba anavyofunga bomba la uani ili tangi lisikauke. Kwa mwenye Raynaud bomba hilo hufungwa kwa sababu ndogo, na huchelewa kufunguliwa. Vidole huwa vyeupe, kisha buluu, halafu damu inaporudi huwa vyekundu, vikiwaka na kuchomachoma. Si kila mtu hupitia rangi zote tatu.

Hapo pana jambo linalowapoteza wengi. Picha zinazozunguka kwenye simu ni za mikono ya watu weupe. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo huonekana kama kijivu, au hauonekani kabisa. Angalia kiganja na chini ya kucha. Na aliyepakwa hina na piko mpaka ncha za vidole? Atoe maelezo ya ganzi na ubaridi, maana rangi haitamsaidia daktari. Asiye na hina aupige picha mkono wakati umebadilika, kwani mara nyingi akifika kliniki vidole vimesharudi hali yake na anaonekana mzushi.

Sasa mafuta ya karafuu, na najua watu wa Pemba watanikasirikia. "Yanarudisha damu," wanasema, kwa vile ukipaka unasikia moto. Moto huo ni ngozi inayowashwa. Si dalili kwamba mshipa umefunguka. Kinachofanya mafuta hayo yatulize jino ni kemikali iitwayo eugenoli, na eugenoli hutia ganzi. Kidole ambacho tayari hakisikii unakiongezea ganzi, tena mafuta makali yasiyochanganywa huweza kuunguza ngozi. Mafuta ya nazi matupu yana faida kuliko hayo: hulainisha ngozi isipasuke. Kwa mgonjwa huyu mpasuko mdogo wa kwenye ncha ya kidole si wa kudharau, kwa sababu pasipofika damu ya kutosha kidonda hukawia kupona.

Maji ya moto yana hatari hiyohiyo. Mkono wenye ganzi hauwezi kukwambia kwamba unaungua. Tumia maji ya vuguvugu, uyapime kwa kiwiko kwanza. Kukinga mikono juu ya jiko la mkaa ni vilevile. Kama maji hayapo, tia mikono kwapani, au izungushe kutoka begani.

"Avae glavu, yaishe." Glavu haina joto lake mwenyewe. Huhifadhi joto ililolikuta, na ukiivaa mkono ukiwa umeshapoa hakuna kubwa la kuhifadhi. Ivae kabla ya kupanda boti. Tena kinachoamua zaidi ni kiwiliwili: kifua kikipoa, vidole ndivyo vya kwanza kunyimwa damu. Fulana ndani ya kanzu, sweta chini ya buibui, kofia au ushungi, na soksi, hata kama jirani yako atakucheka. Mwanamke wa mwani aache kanga kavu ufukweni, na akitoka majini abadilishe kabla ya kuanza kubeba magunia. Samaki wa kwenye barafu ashikwe kwa kitambaa kikavu kinene.

Sigara "ya kuchangamsha mwili" hufanya kinyume, kwani nikotini hubana mishipa. Ugoro na shisha nazo zimo. Kahawa ya barazani inategemea mtu: kafeini huwabana baadhi, wengine hawaoni tofauti.

Dhana mbaya kuliko zote ni kwamba haya ni mambo ya wanawake na wasiwasi wao, au jini. Aina ya kawaida huanza ujanani, kwa wanawake zaidi, na kwa kawaida haiharibu vidole. Aina ya pili ni ishara ya jambo jingine: skleroderma (maradhi yanayokakamaza ngozi), lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), au miaka ya kushika grenda na drili zinazotetemesha mikono. Dawa nazo zimo. Atenololi na propranololi, wanazopewa baadhi ya wagonjwa wa presha, huweza kuleta hali hii. Nifedipini, ambayo nayo ni ya presha, hutumika kuitibu, ingawa huweza kuleta maumivu ya kichwa na kuvimba miguu. Usibadilishane vidonge na shangazi yako, wala usiache vyako kimyakimya. Mwambie daktari.

Hali iliyoanza baada ya umri wa miaka 30, inayoshika mkono mmoja tu, inayokuja na ngozi kukakamaa, viungo kuvimba au chakula kukwama kooni, ipelekwe hospitali, iwe Mnazi Mmoja au Abdalla Mzee kule Mkoani. Na kidole kinachobaki buluu au cheusi baada ya kupashwa joto, au chenye maumivu makali yasiyokoma, kionwe siku hiyohiyo, hata ikiwa ni kuamsha gari ya jirani usiku.