Moshi wa bluu: kabla hujauza ng'ombe kulipia ovahoo

Mwalimu mmoja aliniletea Corolla 110, injini 5A-FE, akiwa ameshaambiwa gereji nyingine kwamba ringi za pistoni zimekwisha, aandae hela ya ovahoo, yaani kufungua injini nzima na kuitengeneza upya. Nikampa shikamoo yake, kisha nikamuuliza moshi unatoka saa ngapi.

"Saa ngapi tena, fundi? Unatoka tu."

Hakuna moshi unaotoka tu. Rangi inakwambia kinachoungua ni nini, muda unakwambia kinaingilia wapi. Wengi huishia kwenye rangi.

Mweupe nimalizane nao haraka, maana hapa Mbeya mwezi wa sita kila gari inautoa alfajiri. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa maji takriban lita moja, na ekzosi ikiwa ya baridi maji hayo huonekana kama mvuke. Injini ikipata moto, yanapotea. Moshi usipopotea, na rejeta kila wiki inadai maji, hapo fikiria gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Chomoa plagi zote uzipange kwa mpangilio wa silinda: ile iliyosafishika kuliko wenzake ndiyo inayooshwa na maji.

Mweusi ni petroli imezidi. Kwenye injini kama hii, kabla hujagusa nozeli, angalia kimpira chembamba kinachotoka kwenye manifoldi ya hewa, bomba linaloingiza hewa kwenye silinda, kwenda kwenye sensa ya vakyumu. Kikipasuka au kikichomoka, sensa inasoma kama umekanyaga mafuta hadi mwisho, na kontroboksi, kompyuta ya injini, inamwaga petroli. Mkosaji mwingine ni fundi aliyetoa thamostati, kile kizibo kinachozuia maji ya rejeta hadi injini ipate moto, "ili gari isichemshe". Kwenye baridi yetu injini haifiki joto lake, kontroboksi inaendelea kuilisha kama imewashwa sasa hivi. Hilo la thamostati linanikera, naomba tulipite.

Turudi kwa Mwalimu. Moshi wake ulikuwa wa bluu, ule unaoning'inia barabarani na kunuka oili iliyoungua. Nilimwomba aiache gari ilale kwangu. Asubuhi nikasimama nyuma, kijana akawasha: wingu moja zito la bluu, kisha kwisha. Tukaenda Mlima Iwambi. Kupanda, na mguu umekaza, nyuma hakuna moshi. Kushuka nikaiacha kwenye gia bila kukanyaga mafuta, na kule chini nilipokanyaga tu, kioo cha nyuma kikajaa bluu.

Ringi zilizochoka kwa kawaida hutoa moshi injini ikibeba mzigo, yaani huko kwenye kupanda. Ukishuka umeachia mafuta, mvuto ndani ya manifoldi huwa mkali sana, na unafyonza oili kupitia sili za valvu zilizokauka, vile vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye silinda. Hata lile wingu la asubuhi ni oili iliyodondoka usiku kucha, tone kwa tone, kupitia sili hizo hizo.

Sikuishia hapo, nikapima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaibana. Silinda nne zilitoa psi 148, 150, 146 na 149. Kitabu cha Toyota cha 4A-FE, ndugu yake wa karibu, kinataka 191, na chini ya 142 ni mbovu. Mtu angesema huyu yuko ukingoni. Lakini Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na geji hapa haiwezi kusoma kama Dar. Nikatia kijiko cha oili kila silinda, maana oili huziba ringi zilizolegea kwa muda, nikapima tena: zikapanda kidogo tu, zote sawasawa. Zingeruka psi 40 ningemwambia ukweli kwamba ringi ndizo zimekwisha. Nikachomoa pia valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi, nikaitikisa sikioni. Ililia kama inavyotakiwa. Ikiziba, injini inameza oili yake yenyewe, na watu wameshafungua mashine nzima kwa kikopo hicho kidogo.

Sili ni 16, na hedi haihitaji kushuka. Unaingiza kamba kwenye tundu la plagi, unazungusha krenki hadi pistoni iibane kamba ile dhidi ya valvu, valvu zinabaki juu huku unafungua springi. Tumia kamba ya nailoni ya kuanikia nguo. Ya katani huacha nyuzi ndani, usijaribu. Sili za zamani zilitoka ngumu kama kucha, mbili zikavunjika vipande mkononi.

Kumwaga oili nzito, kama anavyoshauriwa kila mtu? Itapunguza moshi kwa muda, lakini mpira uliokauka haulainiki.

Siku ya pili Mwalimu akapiga simu, sauti si ya kirafiki: "Fundi, bado inatoa." Nilikuwa nimesahau kumwambia kwamba oili iliyolala kwenye ekzosi miezi yote ile lazima iungue kwanza. Nikamwambia aende Tunduma na kurudi, asiilegeze, kisha anipigie. Alipiga akiwa Mbalizi, anaulizia bei ya thamostati.