Je, wajua? Joto humwingia kuku tumboni

Saa nane mchana, mwezi wa pili, Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ingia banda la mabati uwatazame broila (kuku wa nyama) wa wiki tano: midomo wazi, mabawa wameyatanua, koo zinacheza kama mvukuto wa mhunzi. Chini maranda yamelowa. Mwenye banda akiona kile kinyesi cha majimaji hukimbilia duka la dawa za mifugo akanunue antibiotiki, na mara nyingi huwa anatibu ugonjwa ambao haupo.

Kuku hana tezi za jasho. Mwili wake kwa kawaida una joto la nyuzi 41 hadi 42, na hali ya hewa ikimzidi, hana jingine ila kuhema na kupeleka damu nyingi kwenye ngozi, upanga na ndevu ikapoe. Damu hiyo huibwa tumboni. Utumbo ukipungukiwa na damu hukosa oksijeni, na seli za ukuta wake, zilizokuwa zimeshikana barabara, huanza kuachana. Bakteria na sumu zao hupenya humo hadi kwenye damu, na pumba na mukene (dagaa) ulionunua kwa pesa nyingi hupita bila kumeng'enywa sawasawa. Tena anakunywa maji kupita kawaida. Kinyesi kitakosaje kuwa chepesi?

Ndipo virutubisho vya nyongeza vinapopata kazi. Betaini husaidia seli za utumbo zisipoteze maji. Zinki husaidia kuutengeneza ukuta uliochakaa; vitamini E na seleniamu huzilinda seli zisiungue kwa kemikali zinazozaliwa na joto. Vitamini C kuku hujitengenezea mwenyewe kwenye figo (sisi binadamu hatuwezi), ila joto likizidi ile yake haimtoshi. Probiotiki ni bakteria rafiki wanaowabana wale wabaya wasipate nafasi, na elektroliti hurudisha chumvi zilizopotea.

Mimi naona tatizo liko kwenye kuvitumia kuliko kwenye kuvinunua. Vitamini C ikikorogwa majini huharibika upesi, basi itengeneze upya kila siku na uwape asubuhi, kabla jua halijapanda. Probiotiki ukiitia kwenye maji ya bomba yenye klorini, au ukaichanganya na antibiotiki, umewaua wale wale bakteria uliowalipia.

Chakula nacho ondoa mchana, uwape alfajiri na jioni, kwa sababu kumeng'enya kwenyewe huzalisha joto. Kisha nenda kwenye tangi lile jeusi lililo juani na utumbukize mkono. Kama maji ni ya moto, lihamishie chini ya mwembe kwanza, kwani maji hayo kuku atayaonja tu na kuyaacha, pamoja na vitamini zako zote.