Sasipensheni ya nyuma kwa pikipiki ya theluji yenye turbo: uliza itavunjikia wapi

Wanaonijia wakitaka sasipensheni mpya ya nyuma huuliza karibu wote swali moja: ipi haivunjiki? Nami huwauliza: ungependa ivunjikie wapi? Pikipiki ya theluji ya mlimani yenye turbo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, ikiendeshwa inavyostahili, itapinda kitu siku moja. Sasipensheni nzuri ni ile ambayo siku hiyo ikifika, kinachopinda ni kipande unachoweza kukifungua kwa spana mbili na kukibadilisha jioni hiyo hiyo. Mbaya ni ile inayobaki nzima huku ikikuchania chasisi.

Tuanze na hewa, maana ndiko shida inakotoka. Injini isiyo na turbo hupoteza kiasi cha asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Ukifika mita 3,000, hewa ina robo tatu hivi tu ya uzito wake wa usawa wa bahari, na injini iliyoandikwa hospawa 165 inakupa kama 120. Kwa hiyo kwa miaka mingi sasipensheni za mlimani zilibeba mzigo mwepesi kuliko ule ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine. Turbo imeliondoa punguzo hilo. Ski-Doo, watengenezaji wa pikipiki za theluji, walipotoa mashine ya kwanza yenye injini ya mipigo miwili na turbo ya kiwandani, modeli ya 2020, hospawa zile 165 zilibaki kamili hadi mita 2,400 hivi. Washindani wao Polaris wakafuata na injini ya turbo ya Patriot Boost kwenye modeli za 2022, kisha Turbo R ya Ski-Doo ya 2023 ikafika 180. Wanaofunga turbo za nje ya kiwanda huvuka 200 kwa urahisi. Ukifunga turbo kwenye mashine iliyokuwa haina, sasipensheni ya chini ni ile ile, lakini mlimani kazi yake imeongezeka kwa nusu au zaidi.

Nguvu hiyo inapita wapi? Shafti ya mbele huzungusha spoketi, spoketi huvuta treki, yaani ule mpira mpana wenye mapezi. Treki ikikamata theluji, mvuto wake unataka kuisogeza sasipensheni nzima mbele chini ya mashine, na kinachoizuia ni mikono miwili tu, wa mbele na wa nyuma, iliyofungwa kwenye taneli. Nikisema taneli namaanisha ule mgongo wa bati la alumini unaoifunika treki. Mzigo mbaya kuliko yote hauji wakati wa kupanda taratibu. Huja pale mashine inaporuka ukingo wa theluji, dereva ameshikilia mafuta, treki inazunguka kwa kasi hewani, halafu inatua kwenye theluji ngumu na kukamata ghafla. Hapo mkono wa mbele unabeba kishindo cha kutua na mvuto wa injini kwa wakati mmoja. Turbo inafanya kishindo hicho kiwe kikali zaidi kwa sababu nguvu yake haipungui pale hewa ilipo nyepesi.

Nikiifungua sasipensheni iliyopigwa hivyo, naangalia kwanza matundu ya boliti kabla ya kuangalia kilichopinda. Tundu lililokuwa duara likawa yai linaeleza zaidi kuliko reli iliyopinda (reli ni ile mihimili miwili mirefu inayozungukwa na treki): boliti ililegea, mkono ukaanza kugonga badala ya kusukuma, na kila pigo likalipanua tundu. Reli zenyewe hupinda zaidi sehemu mbili: pale mkono wa mbele unapofungwa, na kwenye ule mkia unaobaki nyuma ya mkono wa nyuma. Treki ikiwa ndefu, inchi 165 au 175, mkia nao unarefuka, na kisiki kimoja kilichojificha chini ya theluji kinatosha kuunyanyua. Mikono huchanika pembeni mwa mshono wa kuchomelea; mshono wenyewe mara nyingi unakuwa mzima.

Halafu kuna taneli, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaouza reli nene kama suluhisho la kila kitu. Reli nene haimalizi nguvu ya pigo, inaipeleka mbele. Reli isipopinda, pigo linapanda kwenye mkono, kutoka mkono linaingia kwenye boliti nne zinazoishika sasipensheni, na boliti hizo zimekaa kwenye bati. Kubadilisha reli ni kazi ya saa chache. Kubadilisha taneli ni kung'oa riveti, kumwaga maji ya kupozea na kuihamisha karibu mashine yote. Ndiyo maana, kabla sijaangalia jambo jingine lolote kwenye sasipensheni ya nje ya kiwanda, natafuta kama inakuja na vibao vya kuimarisha taneli, na kama vibao hivyo ni vipana kiasi cha kusambaza mzigo kwenye riveti kadhaa. Mtengenezaji aliyefikiria reli akasahau vibao bado hajaimaliza kazi yake.

Kuhusu madini, jina la alumini pekee halitoshi. Aina ya 6061-T6 inachomeleka, lakini eneo la pembeni mwa mshono hupoteza sehemu kubwa ya uimara wake, na haurudi mpaka kipande kipitishwe tena kwenye matibabu ya joto. Aina ya 7075 ina nguvu zaidi sana, lakini haifai kuchomelewa kwa njia za kawaida, kwa hiyo iliyopasuka inatupwa. Kwa mikono napendelea bomba la chuma cha kromoli, 4130. Ni kizito kidogo, lakini kikizidiwa hupinda na kukuonya kabla ya kukatika, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukitengeneza. Tena chuma kina kiwango cha mzigo ambacho chini yake kinaweza kuvumilia mapigo karibu bila mwisho; alumini haina kiwango hicho, inachoka polepole hata kwa mapigo madogo. Kwa reli, hata hivyo, alumini bado ndiyo jibu, kwa sababu reli ni ndefu na uzito wake wote uko chini na nyuma, mahali ambapo kila kilo inakuzamisha kwenye theluji laini. Muundo ninaoupenda basi ni reli za alumini zinazouzwa mojamoja na mikono ya kromoli. Boliti zishikwe pande zote mbili, na uzi wake usikatwe moja kwa moja kwenye alumini.

Sasa jiometria, ambayo watu huiona kama suala la starehe tu. Mkono wa mbele ukisimama wima zaidi, mvuto wa treki unainua pua ya mashine. Ukilala, mvuto huo unasukuma mbele. Kwenye injini dhaifu, kuinuka kidogo kunasaidia treki ikamate. Kwenye turbo, kuinuka huko kunageuka kuwa ski, zile mbili za mbele zinazoteleza na kuelekeza mashine, zilizo hewani katikati ya mteremko, dereva anaachia mafuta, pua inaanguka, anashika tena. Kila mzunguko wa namna hiyo ni pigo jingine kwenye mkono ule ule. Sasipensheni inayoinua pua kupita kiasi inajivunja yenyewe. Tafuta ile yenye matundu zaidi ya moja ya kufungia mkono wa mbele, na yenye ukanda wa kikomo unaorekebishika. Ukiufupisha ukanda huo, mkono wa mbele haufunguki sana na ski zinabaki chini. Usiufupishe kupita kiasi: mashine itainamia ski, usukani utakuwa mzito, na kwenye theluji laini pua itachimba badala ya kupanda juu.

Baadhi ya sasipensheni zina vizuizi vinavyoifunga mikono miwili pamoja baada ya umbali fulani, ili nyuma isizame peke yake wakati pua inainuka. Mlimani wengi hawavipendi kwa sababu vinapunguza ulaini wa kupindisha mashine kwenye mteremko. Kwa dereva wa turbo anayependa kupanda moja kwa moja, nadhani vinastahili kufikiriwa upya.

Shokapu. Za hewa ni nyepesi na zinakuwa ngumu zaidi kadiri zinavyobanwa, jambo zuri unapotua. Lakini hewa inasinyaa kwa baridi. Ukizijaza hewa ya shinikizo la psi 80 ndani ya karakana yenye nyuzi 20, nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri zitasoma kama 67, na mashine uliyoipima jana jioni asubuhi itakuwa imekaa chini. Zijaze nje, zikiwa zimepoa. Za springi za chuma hazina tabia hiyo, na sili ikivuja bado springi inakubeba hadi nyumbani, kwa hiyo kwa anayeenda mbali na barabara nazipa nafasi ya kwanza kwenye mkono wa nyuma. Aina yoyote utakayochagua, hakikisha shokapu inafunguka na kurekebishwa na fundi yeyote mwenye vifaa, na urefu wake kutoka tundu hadi tundu uwe wa kawaida sokoni. Shokapu iliyozibwa kiwandani isifunguke tena haifai kwenye mashine ya turbo: mafuta yake yanachemka, yanakuwa mepesi, na huna namna ya kuyabadilisha.

Jambo moja ambalo katalogi nyingi hazilisemi ni upoaji. Rejeta ziko chini ya taneli na zinapozwa na theluji inayorushwa na treki. Vile vipande vya plastiki ambavyo treki inateleza juu yake navyo vinapozwa na kulainishwa na theluji hiyo hiyo. Turbo inaongeza joto kwenye maji. Kwenye njia iliyoshindiliwa kuelekea mlimani theluji ya kurushwa ni haba, na plastiki inaanza kuyeyuka. Kwa hiyo uliza kama reli mpya zina nafasi ya kufungia magurudumu madogo ya ziada na vile vikwaruzio vinavyochokonoa barafu. Hakikisha pia reli zinalingana na urefu wa treki yako, na pima mwenyewe kama treki haigusi rejeta sasipensheni ikibanwa mpaka mwisho.

Watengenezaji wa vifaa hivi wengi ni wadogo, na biashara zao hubadilika. Timbersled ya Idaho ilijulikana kwanza kwa sasipensheni za nyuma za mlimani, ikahamia kwenye vifaa vya kugeuza pikipiki za matairi ziende kwenye theluji, na mwaka 2015 ikanunuliwa na Polaris. Chagua sasipensheni yenye beringi, bushi na boliti za vipimo vya kawaida, ambazo utazipata hata aliyeitengeneza akiwa ameacha kazi hiyo.

Ukishaifunga, kaza boliti zote kwa kipimo kilichoandikwa, kisha piga mstari wa rangi kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye chuma kinachoizunguka. Baada ya safari ya kwanza ilaze mashine ubavu na uangalie mistari kabla hujaangalia kitu kingine. Mstari ukihama, kaza tena. Ukihama mara ya pili mahali pale pale, usikaze: toa boliti, upime tundu.