Je, wajua kwa nini tawi moja la mirika halitoshi?

Ukiingia hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, na kufungua majalada ya mirika, yaani mimea ya familia ya Myricaceae, utakuta karatasi ngumu zilizobandikwa vijitawi bapa. Mara kwa mara karatasi mbili au tatu ni za kichaka cha spishi ileile, kutoka mahali palepale. Usidhani mkusanyaji alikuwa na tamaa.

Vichaka vingi vya familia hii vimegawanyika kijinsia: kimoja hutoa maua dume, kingine maua jike. Maua yenyewe ni vishada vidogo vya magamba visivyo na petali, na chavua husafirishwa na upepo. Ukichuma tawi la dume peke yake, tunda hutaliona. Myrica gale, inayoota kwenye vinamasi vya Ulaya na Amerika Kaskazini, ina vituko zaidi. Kichaka chake kilichokuwa dume mwaka huu kinaweza kuwa jike mwaka mwingine! Tena huchanua kabla ya kuchipua majani, kwa hiyo anayetaka maua na majani yaliyokomaa hana budi kurudi msimu ukishasonga.

Kukausha si kazi ngumu sana. Tawi hulazwa ndani ya gazeti, hubanwa kwa nguvu, na karatasi zilizolowa hubadilishwa hadi likauke. Kabla ya kuingia ghalani hugandishwa kwenye friza ili wadudu wafe, maana bado wanalipenda hata likiwa kavu.

Kinachobaki kwenye karatasi ni kingi kuliko unavyodhani. Shika lenzi uangalie upande wa chini wa jani: utaona nukta ndogo za manjano zinazong'aa. Hizo ni tezi za utomvu, ndizo zinazoupa mmea harufu yake, na humsaidia mtaalamu kuitambua familia hata pasipo ua wala tunda. Tunda nalo, kwa spishi kadhaa, limevikwa nta. Mtaalamu wa mimea Linnaeus alipoupa mmoja wa mimea hiyo jina la Myrica cerifera mwaka 1753, neno hilo la pili lilimaanisha "wenye kubeba nta", na kweli walowezi wa Amerika Kaskazini waliyachemsha matunda hayo wakapata nta ya mishumaa.

Siku hizi mmea huo huitwa Morella cerifera. Hapa ndipo karatasi zinaponoga: jina likibadilika, kibandiko cha zamani hakibanduliwi. Kipya hubandikwa kando yake, na ukivisoma vyote unafuatilia mabishano ya wataalamu waliopishana kwa miongo mingi.

Lakini kuna yasiyobanika. Tawi la urefu wa kiganja halikwambii kama mmea ulikuwa kichaka cha kufika kiunoni au mti. Mizizi nayo huachwa ardhini, ilhali ndiko kwenye vinundu vyenye bakteria wa Frankia, wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuufanya mmea ustawi kwenye udongo fukara. Ndiyo maana lebo huandikwa papo hapo porini: kimo, aina ya udongo, mahali, tarehe. Kwangu mimi, sampuli nzuri isiyo na lebo ni jani kavu tu.

Umuhimu wa lebo unaonekana kwa Morella faya, spishi nyingine ya familia hii. Kwao ni visiwa vya Azores, Madeira na Kanari, lakini mwishoni mwa karne ya 19 ilipelekwa Hawaii, ikaanza kuenea kwenye udongo mpya wa volkano usio na naitrojeni ya kutosha. Ikaurutubisha, na mimea mingine ya kigeni ikapata pa kushika mizizi. Anayetaka kujua ilikuwa imefika wapi mwaka fulani hutazama tarehe na mahali kwenye karatasi za zamani. Ila awe mwangalifu: pasipo na sampuli, huenda mmea ulikuwepo, ila hakupita mtu mwenye gazeti mkononi.