Ukizunguka mji kwa miguu, utakaa wapi?

Kazi yangu ni kusanifu viwanja na bustani za mjini, na sehemu yake kubwa, ukiondoa vikao, ni kuwahesabu watu waliokaa. Nimezoea hivi kwamba hata nikiwa mgeni mahali, jicho langu hutafuta pa kukaa kabla ya kutafuta makumbusho. Wengi hutembea mpaka nyayo ziwake moto ndipo waanze kuulizia benchi, na hapo lolote litawafaa, hata ukingo wa mtaro.

Mimi hukaa mapema. Kinachochosha zaidi mara nyingi si kutembea bali kusimama. Ukitembea, misuli ya mashavu ya miguu hukaza na kulegea, na kila ikikaza huisukuma damu ipande kurudi moyoni. Ukisimama tuli kwenye foleni au mbele ya picha ukutani, pampu hiyo hulala. Damu hutuama chini na miguu huanza kuvimba. Kwa hiyo sihesabu kilomita. Nikitoka kusimama kwa muda mrefu, nakaa, hata kama sijaenda mbali.

Kuhusu wapi, aliyetufungua macho ni William H. Whyte, mtafiti Mmarekani wa maisha ya mijini. Miaka ya 1970 aliwapiga filamu watu katika viwanja vya New York ili ajue kwa nini vingine hujaa na vingine hubaki vitupu. Jibu lake kubwa linachekesha: watu hukaa palipo na pa kukalia. Viwanja vingi vilikuwa vimejengwa bila kulifikiria hilo. Mwaka 1975 mji huo ulibadili kanuni zake, ukataka kila futi 30 za mraba za uwanja ziwe na angalau futi 1 ya urefu wa mahali pa kukaa. Na hapo hawakumaanisha benchi tu. Ukingo wowote wenye kimo cha inchi 12 hadi 36 ulihesabiwa.

Jifunze kuutazama mji kwa jicho hilo. Kuta fupi zinazozunguka maua, kingo za chemchemi, ngazi za majengo makubwa, hata kitako cha sanamu: vyote ni viti visivyojiita viti. Kwenye ngazi kaa pembeni kabisa, wapitao wapite. Kimo kinachowafaa wengi ni kama sentimita 45. Chini ya hapo kukaa ni rahisi, kunyanyuka ndiyo kazi. Ukiwa na mzee, tafuta benchi lenye mikono, maana mikono ndiyo humsaidia kuinuka. (Mkono wa katikati ni habari nyingine. Mara nyingi huwekwa ili mtu asijinyooshe. Kule Camden, London, mwaka 2012 walikwenda mbali zaidi wakaweka benchi la zege lenye miinamo kila upande, lisilolalika. Hukai hapo kwa muda mrefu.)

Kati ya viti viwili chagua chenye ukuta au kichaka mgongoni na watu mbele. Anayepitiwa na watu nyuma hageuki kila dakika, lakini hatulii pia. Kivuli cha mti kinashinda cha bati: majani hutoa mvuke unaopoza hewa, wakati bati lililopigwa na jua hukurushia joto kichwani. Benchi la chuma liguse kwa kiganja kwanza. Mimi nililiamini moja saa saba mchana nikiwa nimevaa kaptura, na sikulikalia hata sekunde tatu.

Kilicho bora kuliko vyote ni kiti kinachohamishika, kama vile vya chuma vya kijani katika bustani ya Luxembourg, Paris. Whyte aliona watu wakikisogeza kiti kidogo tu kabla ya kukaa, bila sababu ya maana. Ni kama kusema, hapa nimepachagua mwenyewe. Paley Park ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1967, ina viti vya namna hiyo chini ya miti, na nyuma yake maporomoko ya maji ya futi 20 ambayo ngurumo yake huimeza kelele ya magari. Eneo lenyewe ni dogo, limebanwa katikati ya majengo, na watu hukaa humo kana kwamba mtaa haupo.

Mvua ikinyesha, maktaba ya umma. Hakuna atakayekuuliza umenunua nini. Stesheni za treni nazo zinafaa, ingawa nyingi siku hizi zimepunguza viti. Na usiogope viwanja vilivyo chini ya maghorofa ya ofisi. Huko New York, tangu 1961, wenye majengo wamekuwa wakiruhusiwa kujenga eneo la ziada kwa sharti la kuacha uwanja wazi kwa umma, na vingine vimepambwa hivi kwamba mpita njia hudhani haviko kwa ajili yake. Tafuta kibao ukutani kinachosema ni mahali pa umma. Kikiwepo, kaa, hata mlinzi akikutazama.