Polima Zinazoitikia Joto na Kazi Yake katika Kemia

Sukari humumunyika haraka zaidi katika maji ya moto kuliko katika maji baridi, na wengi wetu huchukulia kwamba vitu vyote huenda hivyo. Ipo hata hivyo jamii ya polima, yaani molekuli ndefu zilizoundwa kwa vipande vidogo vilivyoungana, ambayo hufuata mwenendo wa kinyume: humumunyika katika maji baridi, na maji yakipashwa joto hujitenga nayo, hata mmumunyo uliokuwa maangavu ukageuka mweupe kama maziwa. Maji yakipoa, polima humumunyika tena. Thamani yake kwa mkemia ni kubwa, kwa sababu joto huongezwa na kuondolewa bila kuacha mabaki yoyote ya kusafishwa.

Maarufu kati yake ni poli(N-isopropilakrilamidi), ambayo kwa kifupi huitwa PNIPAM. Mwaka 1968 Heskins na Guillet walichapisha uchunguzi wao kuhusu mmumunyo wake katika maji, wakaonyesha kwamba hujitenga halijoto ikikaribia nyuzi 32 za Selsiasi. Kwa wanaofanya kazi katika maabara za pwani yetu, kiwango hicho si cha kupuuzwa: alasiri ya mwezi Februari, Dar es Salaam au Mombasa, chumba kisicho na kiyoyozi kinaweza kukivuka, na chupa iliyoachwa mezani ikadhaniwa imeharibika ilhali haina kasoro.

Kila kipande cha mnyororo wa polima hii kina kundi la amidi, linaloshikamana na maji kwa vifungo vya hidrojeni, na kundi la isopropili, linaloyakwepa maji. Katika baridi vifungo vya hidrojeni hushinda, molekuli za maji hujipanga kuuzunguka mnyororo, nao hutanuka. Lakini maji yaliyojipanga yamepoteza uhuru wake, yaani entropia yake imepungua, na kwa kuwa katika hesabu ya nishati huru, kipimo kinachoonyesha ni badiliko gani litatokea lenyewe, entropia huzidishwa kwa halijoto, hasara hiyo huzidi kuwa nzito kadiri joto linavyopanda. Hufika mahali ambapo maji huachiliwa, mnyororo hujikunja, na minyororo iliyojikunja hushikamana ikatengana na maji. Mkemia anaweza kukisogeza kiwango hicho: akiunganisha vipande vinavyopenda maji zaidi hupanda, na akiunganisha vinavyoyakwepa hushuka. Chumvi ya kawaida nayo hukishusha, jambo ambalo anayehamisha jaribio kutoka maji safi kwenda maji yenye chumvi hana budi kulikumbuka.

Matumizi yaliyo karibu zaidi na kemia yenyewe ni utenganishaji. Katika kromatografia, yaani kutenganisha vitu kwa kuvipitisha katika safu ya chembe, chembe za silika hufunikwa kwa PNIPAM, kisha maji matupu hupitishwa. Safu ikiwa baridi uso wake hupenda maji. Ikipashwa joto uso huyakwepa, na steroidi, kundi la misombo linalojumuisha homoni kadhaa, huchelewa kutoka, kila moja kwa kiasi chake. Asetonitrili na methanoli, viyeyushi vyenye sumu ambavyo kazi hii huvihitaji kwa kawaida, huweza kuachwa. Katika uchochezi, yaani kuharakisha mmenyuko kwa kichocheo, kichocheo hufungwa kwenye polima, kikafanya kazi kikiwa kimemumunyika, kisha mmumunyo hupashwa joto na kichocheo kikachujwa ili kitumike tena. Mwaka 1993 Bergbreiter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, walieleza vichocheo vya namna hii ambavyo hujitenga joto likizidi, hivyo mmenyuko ukapungua kasi badala ya kuongezeka. Binafsi naona huu ni uvumbuzi wenye uzito mkubwa, kwani mmenyuko unaotoa joto jingi unaweza kujizuia wenyewe.

Nchini Japani, kundi la Teruo Okano lilifunika visahani vya kukuzia seli kwa tabaka jembamba la polima hii. Seli hukua kwa nyuzi 37, na kisahani kikipozwa hadi nyuzi 20 hivi hubanduka zikiwa utando mzima, bila vimeng'enya vinavyokata protini zinazoziunganisha. Mwaka 2004 madaktari wa Japani walitoa taarifa ya wagonjwa wanne waliopandikiziwa kwenye konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, utando wa seli zilizotolewa vinywani mwao wenyewe.

PNIPAM ina mipaka yake. Molekuli ndogo inayoiunda, N-isopropilakrilamidi, ina sumu, hivyo masalia yake sharti yaoshwe kikamilifu, na uti wa mnyororo wake, ulioundwa kwa kaboni tupu, hauvunjwi na mwili. Kwa dawa hutumiwa mara nyingi poloksama 407, polima nyingine inayoitikia joto, ambayo mmumunyo wake mzito ni kimiminika ukiwa kwenye friji na hugeuka jeli katika joto la mwili. Jeli hiyo humumunyika taratibu katika majimaji ya mwili, kwa hiyo hufaa dawa inayopaswa kutoka kwa muda mfupi, wala si ile ya kukaa kwa miezi.